Kikao cha Dharura Kuhusu Ujumbe wa Dagaa wa Domitila

JUMUIYA NDOGO YA MTAKATIFU MONIKA, SAPIWI – BARIADI

Kikao cha kamati kilichofanyika Jumapili tarehe 18 Mei 2025 nyumbani kwa Mwenyekiti, baada ya ibada.

Waliohudhuria:
1. Mzee Mayunga – Mwenyekiti
2. Anyes Ngassa – Katibu
3. Laurean – Mweka Hazina
4. Mwl. Winnie – Mwakilishi wa Vijana

Mwalikwa: Domitila, mwanajumuiya, muuza dagaa gulioni.

Asiyehudhuria kwa taarifa: Erasmus (anavuna pamba).

Asiyehudhuria bila taarifa: Novatus. Alionekana akipita na baiskeli, akaongeza mwendo.

KUMB. NA. 1/5/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala saa 8:10 mchana. Alisema ajenda ni moja na haifurahishi. Alimtaka Katibu aandike yote, pamoja na yanayomhusu Katibu mwenyewe. Katibu alikubali.

KUMB. NA. 2/5/2025: UJUMBE ULIVYOTUMWA

Katibu alieleza kwamba Jumanne tarehe 6 Mei asubuhi, alipomaliza kutuma sala ya siku kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, alitumiwa na shemeji yake picha ya dagaa wakinyunyiziwa kitu, na maneno kwamba dagaa wa Lamadi wanahifadhiwa kwa dawa ya maiti. Aliupeleka ujumbe kundini papo hapo. Mwenyekiti aliuliza kama aliupeleka kama ulivyo. Katibu alikiri kwamba aliongeza mstari wake: "Na hapa Sapiwi tunamjua anayetuletea. Tuombe." Ijulikane kwamba anayeleta dagaa wa Lamadi hapa kwetu ni mmoja tu.

Mwl. Winnie alikumbusha kuwa ni desturi ya kundi letu kila anayeona sala ya asubuhi aandike "Amina", na asiyeandika huulizwa Jumamosi jumuiyani mbele ya wenzake. Kwa hiyo watu walipoona neno "Tuombe" waliandika Amina bila kufungua picha wala kusoma. Hadi saa nne zilikuwa zimefika Amina thelathini na nne, na waliosoma baadaye waliziona wakaamini. Ya Mwenyekiti ilikuwa ya pili. Mwenyekiti alisema ni kweli, na kwamba anaona aibu. Katibu naye anaandika hili kwa aibu, kwa sababu siku ile alizihesabu Amina hizo na kufurahi kwamba watu wameamka na Mungu.

KUMB. NA. 3/5/2025: UKWELI WA PICHA

Mwl. Winnie alionyesha kwenye simu yake kwamba picha hiyo hiyo ilizunguka miaka mitatu iliyopita ikiwa na habari nyingine kabisa, na kwamba maboksi yaliyo nyuma yana maandishi ya nchi ya mbali. Aliuliza nani aliikuza picha akaitazama.

Laurean alisema simu yake ni ndogo, maandishi hayaonekani. Alikumbushwa kwamba Amina yake aliiandika kwa simu hiyo hiyo. Aliongeza kwamba Domitila angejitetea kundini badala ya kumpelekea Mwenyekiti malalamiko. Mwenyekiti alimwambia: "Laurean, wewe ungejitetea mbele ya Amina thelathini na nne?" Akasema amri ya Mungu inakataza kumshuhudia jirani uongo, na haikuweka ruhusa kwa aliyetumiwa na shemeji.

KUMB. NA. 4/5/2025: MAELEZO YA DOMITILA NA MAAZIMIO

Domitila alieleza kwamba magulio mawili mfululizo amerudi nyumbani na dagaa wake wote. "Hilo nalivumilia. Lakini nikisema mwangaluka, watu wanageuza uso. Salamu! Nimekosa nini mimi hata salamu yangu isiitikiwe?"

Katibu aliomba radhi na akaomba kujiuzulu. Domitila alikataa. Alisema: "Akijiuzulu ataenda kujifungia kwake. Mimi nataka apite kote ujumbe wake ulikopita."

Iliazimiwa kwamba Katibu apite kwa miguu nyumba zote za walioandika Amina, aseme kwa kinywa chake kwamba alieneza uongo. Na siku ya gulio asimame kwenye meza ya Domitila tangu asubuhi hadi watu watawanyike. Tena, habari yoyote inayomgusa mtu aulizwe kwanza mtu huyo, na asiwepo wa kuitikia asichokisoma. Kuulizana Jumamosi kuhusu Amina kumefutwa.

Laurean aliomba habari za simu yake ziondolewe kwenye kumbukumbu. Ombi lilikataliwa.

KUMB. NA. 5/5/2025: MENGINEYO

Domitila alisema ana swali moja kwa Katibu. Alikumbusha kwamba Jumatatu jioni, siku moja kabla ya ujumbe, Katibu alinunua dagaa kwake.

"Mayu Anyes, wale dagaa uliwamwaga?"

Katibu alijibu kwamba hapana.

"Uliwafanya nini?"

Katibu alijibu kwamba aliwapika Jumanne ile ile mchana, baada ya kutuma ujumbe, na kwamba yeye na watoto wake waliwala kwa ugali, wakawamaliza.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye jambo lingine. Hapakuwa na jambo lingine.

Sala ya kufunga ilikuwa zamu ya Katibu. Katibu alishindwa, ikaongozwa na Domitila. Watu waliondoka saa 10:05 jioni.

………………………
Mayunga
MWENYEKITI

………………………
Anyes Ngassa
KATIBU