Gitaa Linapanda Ndege, Sanduku la Baba Ni Zito

Kosa la wengi wanapochagua sanduku la kusafirishia kitu kinachovunjika ni kulipiga ngumi kwa nje. Mkono ukiuma, wanaridhika. Hawajiulizi kile kilichomo ndani kitakuwa kinafanya nini njia nzima. Msomaji wetu wa Ipuli, Tabora, amenikumbusha jambo hilo, na barua yake naitoa karibu yote.

*

Mzee wangu, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nimesema ndiyo kwa watu wawili wanaotaka mambo tofauti, na sasa sijui nimrudie yupi. Mimi ni binti wa Mzee Twalibu, fundi seremala, na mume wangu ni Masolwa, mtu wa Igunga, mpiga gitaa wa bendi ya ushirika wa tumbaku hapa mjini, na alipokuja kuposa, baba alisema hamwozi binti yake mtu anayeamka wakati wenzake wanatoka kazini, na hata baada ya Masolwa kusilimu na ndoa kufungwa baba aliendelea kuliita gitaa lake "kile kidude", akija kwetu haingii ndani, anaishia kibarazani, akisikia nyuzi zinajaribiwa anakumbuka ana shughuli sokoni.

Sasa bendi imechaguliwa kwenda Lusaka kwenye tamasha la vijana, wanaondoka mwezi ujao kwa ndege, na gitaa si mali ya Masolwa, ni mali ya ushirika, likivunjika hakuna jingine madukani na yeye ndiye atakayesimama mbele ya mkutano wa wanachama. Nilimsimulia baba habari hii bila kutarajia kitu, akasema, "Nipimie kile kidude, urefu na upana, uniletee." Nikapima kwa uzi, nikafunga vifundo, nikampelekea, naye hakuniambia neno hadi alipolileta kwa mkokoteni, sanduku la mbao za mninga mtupu, maua yamechongwa kwenye kifuniko, pembeni kapiga vyuma, zuri mno mzee wangu, akasimama uani akasema kwa sauti majirani wakisikia, "Masolwa mwanangu, hata treni ikilikanyaga hili, gitaa lako litatoka linaimba." Alisema mwanangu. Alisema gitaa. Nilijificha nyuma ya mlango nikalia.

Masolwa alishukuru kwa mikono miwili, lakini baba alipoondoka akajaribu kuliinua, akaliacha, akaniambia, "Batuli, hili si sanduku, hili ni jeneza la ng'ombe. Tukilipakia, rubani atatuomba tushuke tusukume." Nilidhani ni utani wake wa Kisukuma. Tukalijaribu bendi ilipoalikwa kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Usoke, wanaume wawili wakalipandisha kwenye lori, na njia nzima gitaa linagonga mle ndani kama mbuzi aliyefungiwa chumbani, tulipofika ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi umepinda. Tena watu wa bendi waliuliza ofisi ya ndege, wakaambiwa sanduku tupu peke yake linamaliza uzito wote anaoruhusiwa abiria.

Hilari, mpiga ngoma wao, anasema Masolwa aliache sanduku nyumbani, ashone mfuko wa turubai, gitaa alipakate kama mtoto. Masolwa kakubali, ila kaniambia, "Wewe ndiye binti yake, mwambie wewe." Nikasema ndiyo. Juzi baba kauliza kama sanduku limefaa, nikasema ndiyo baba, limefaa sana, na sasa ameshaagana na wateja wake kwamba siku ya safari hafungui karakana, anakwenda uwanja wa ndege kuliona likipakiwa. Nikisema kweli, baba atarudi kukaa kibarazani maisha yake yote, na nikinyamaza, gitaa litavunjika. Nifanyeje?

Batuli, Ipuli

*

Marahaba, binti yangu. Umenichekesha na umenisikitisha kwa barua moja. Nianze na gitaa, maana hilo ndilo rahisi.

Kitu hakivunjiki safarini kwa sababu tu kimepigwa. Huvunjika kwa sababu kimepata nafasi ya kusogea. Marehemu babu yangu alibeba mizigo katika misafara iliyotoka huku kwenda pwani, na alinisimulia kwamba kabla ya kuondoka kila mpagazi aliuinua mzigo wake akautikisa karibu na sikio. Ukitoa sauti, ulifunguliwa ukafungwa upya, hata kama wenzake walikwisha kusimama njiani wakimtukana. Mzigo unaocheza ndani hujivunja wenyewe, na humchosha anayeubeba mara mbili. Na bibi zetu wa Unyamwezi walipotaka chombo cha kutunzia nguo na nafaka hawakuchimba gogo. Walibandua gome la mti, wakalikunja na kulishona, wakapata kilindo: kigumu, lakini mtu akakibeba kichwani bila kulalamika. Sanduku la gitaa liwe hivyo. Liwe gumu kwa nje, jepesi mkononi, na ndani libane.

Hilari naye amekosea kwa upande wa pili. Turubai huzuia vumbi na mikwaruzo. Halizuii kishindo sanduku la abiria mwingine likiliangukia gitaa. Kupakata ni kuzuri, na Masolwa aombe ruhusa mapema, lakini ndege ikijaa ataambiwa alitoe, na hapo gitaa litashuka kwenye mizigo likiwa limevaa nguo tu.

Kinachotakiwa ni hiki. Sanduku lifuate umbo la gitaa, pana kwenye tumbo, jembamba kwenye shingo. Mbao za makasha ya chai, zile nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, zinatosha, na mninga ubaki kwenye kona na mpini. Ndani litandikwe blanketi na kujazwa pamba pande zote, na pamba ninyi mnayo, muulize mumeo kwao wanalima nini. Shingo iwekewe mto mdogo chini yake. Kichwa, pale penye funguo, kisiguse kitu chochote, maana sanduku likianguka kwa kishindo ndipo panapokatika. Nyuzi zilegezwe kidogo, zisifunguliwe zote. Halafu mfunike, mlitikise, mtege sikio. Mkisikia hata mtikisiko mdogo, ongezeni pamba.

Sasa nije kwako, na hapa utaniwia radhi. Unamwogopa baba yako kuliko anavyostahili kuogopwa. Seremala anayejua kazi huambiwa kila siku kwamba mlango haufungi au kitanda kinalia, akachukua randa akarekebisha, akaenda kula. Hawezi kuzimia kwa sababu sanduku ni zito. Kitakachomuumiza ni kusimama uwanjani, amevaa kanzu yake nzuri, akaliona gitaa linapita mbele yake ndani ya turubai, kisha akumbuke ulimwambia limefaa sana.

Masolwa naye msomee sehemu hii. Ndugu, umeitwa mwanangu mbele ya majirani, halafu unamtuma mkeo akalirudishe neno hilo kwa niaba yako? Unaweza kusimama Lusaka mbele ya umati wa watu usiokujua, lakini huwezi kusimama mbele ya mzee mmoja wa Ipuli? Hebu acha.

Nimeisoma barua yako mara ya pili, Batuli, nikaona jambo ambalo umelipita haraka. Baba yako hajalifanyia gitaa sanduku. Ameufanyia sanduku uzi wako. Alichopewa ni vifundo viwili, vya urefu na upana, akatengeneza kwa uaminifu kile kilichoingia katika vifundo hivyo. Hajui kwamba gitaa lina kiuno. Hajui kwamba ndani ni tupu, kwamba ubao wake ni mwembamba kuliko kifuniko cha sanduku alilochonga maua. Angejuaje, wakati tangu mwoane hajawahi kulishika? Yeye kiburi kilimzuia kuliomba, na ninyi woga uliwazuia kumpa. Kilichoharibika ni hapo, wala si kwenye mninga.

Kwa hiyo msimpelekee habari za uzito wala maneno ya ofisi ya ndege. Hayo atayafikia mwenyewe. Lile sanduku la kwanza mwambieni ukweli kwamba halitapanda ndege, na kwamba litabaki chumbani kwenu kuwa makao ya gitaa likiwa nyumbani, maana wezi hawataliinua. Ombeni la pili, la safari. Fundi akilishika gitaa mwenyewe, akaligonga kwa kidole kama anavyogonga ubao, akasikia linavyoitika, ataanza kupima kabla hamjamaliza kusalimia. Na akienda uwanjani, atakuwa na kitu cha kutazama.

Leo, baada ya sala ya alasiri, wewe na Masolwa lichukueni gitaa mpaka karakanani kwa baba yako, na Masolwa mwenyewe amwekee mikononi.