Nimekufanya Swali la Mtihani

Nekesa, dada yangu, daktari pekee wa mtaa wetu wa Jericho aliyewahi kufukuzwa na mama yake kwa mwiko,

Niaje huko. Najua ungeshanikatiza: "Wafula, barua haianzi na niaje." Basi nisahihishe. Mimi ni mtu wa kidato cha pili, na hata hicho sikukimaliza, lakini wewe mwenyewe ulisema nina mdomo wa profesa. Sasa mdomo umeniingiza mahali pabaya, ndiyo maana leo nimeufunga nikashika kalamu.

Nimekufanyia kitu, dada. Nitakwambia. Lakini niache nijisifu kwanza, nipate nguvu.

Mimi siku hizi ni mgonjwa mashuhuri. Hakuna ugonjwa unaonishinda. Nikitaka kifafa, nina kifafa. Nikitaka apendiksi, nakunja uso hivi, naweka mkono upande wa kulia, na hata mwenye duka hapa nje ananiita ndani nikae. Hiyo kazi ulinipa wewe. Uliporudi kutoka Uchina na shahada yako, Mama alidhani kesho yake utavaa koti jeupe. Kumbe aliyesomea nje lazima apite mtihani wa bodi kwanza, ndipo akubaliwe kumgusa mgonjwa wa hapa. Wewe na Njeri, mwenzako wa chuo kule, mkageuza sebule ya Mama kuwa darasa, na mimi nikakosa pa kutazamia mpira.

Vitabu havikuwasumbua. Vitabu mlikuwa mmevila mkavimaliza. Kilichowatisha ni ile sehemu ya vyumba, unaingia unakuta mtu anajifanya mgonjwa, na mtahini yuko pembeni anakuandika. Mlisoma kwa Kiingereza, mkapima watu kwa Kichina, halafu sasa anakuja mama wa Makadara anasema, "Daktari, mwili si wangu," na nyinyi mnatazamana kama kuku walioona nyoka. Ndipo mkanikumbuka. Nikitoka soko la Gikomba kuuza suruali, bado nina vumbi la mitumba kwenye masikio, mnanilaza kwenye kochi. Siku ya kwanza Njeri aliniuliza, "Je, maumivu yako yana sifa gani?" Nikamwambia, "Hayana sifa, madam, yana tabia mbaya." Ulicheka ukaanguka na kiti.

Bado nazijua sheria zako za wiki za mwisho. Hakuna kufungua kitabu kipya, kitabu kipya kinakuja kukutisha tu. Maswali kwanza, kitabu baadaye, na ukifungue pale tu ulipokosea. Kwenye ukuta kusikae kitu kingine ila makosa, ukilipata sawa mara tatu unalibandua. Leo moyo, kesho uchanganye moyo na watoto na mifupa, kwa sababu mtihani hautakuja umepangwa. Na ile kubwa, kila ugonjwa unaelezwa kwa Wafula mpaka Wafula amweleze Mama bila kuchungulia. "Wafula akielewa, mtahini ataelewa," ulikuwa unamwambia Njeri, mimi nimekaa hapo hapo kama mbuzi wa maonyesho. Nilijifanya nimekasirika. Sikuwa nimekasirika hata kidogo. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisubiri nielewe.

Halafu ukateleza pale kwenye mfereji ukibeba maji, mguu ukavunjika, ukarudi na plasta hadi gotini. Kila mtu pole, pole. Wewe ukasema, "Afadhali. Sasa nitakaa nisome." Nami nikasema, "Kaa, daktari. Ukitaka kitu ita." Na ukaita! Chai, Wafula. Kalamu, Wafula. Wafula, funga dirisha, hao watoto wanapiga kelele. Nilikuhudumia kama mke wa waziri. Hata yale magongo ya kutembelea nikayapeleka nyuma ya mlango, yasikusumbue miguuni. Gikomba nilikuwa najisifu kwamba nyumbani nina daktari ambaye hagusi chini.

Ukaanza kusema plasta inabana. Tukasema plasta zote hubana. Ukaanza kuhema ukienda choo tu na kurudi. Nikakwambia, "Ni woga wa mtihani huo, mheshimiwa." Ukacheka, ukashika mbavu, ukasema kucheka kunauma. Asubuhi iliyofuata ulisimama kwenda kupiga mswaki ukaanguka mlangoni.

Hospitalini walituambia damu iliganda ndani ya ule mguu, kipande kikapanda hadi kwenye mapafu. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, dada. Uliwahi kunieleza, mguu usiotembezwa damu yake hulala. Nilimweleza Mama bila kuchungulia.

Basi. Hayo unayajua. Sasa nifike kwenye langu.

Tulipotoka kukuzika kwetu Bungoma, Njeri alipotea kidogo. Mama ndiye aliyempigia simu. Akamwambia, "Njoo usomee hapa, mwanangu. Hii nyumba imenyamaza sana." Akaja. Akakaa kwenye kiti chako, kwa sababu ndicho kiti kilichopo, na siku ya kwanza niliona kama nimpige. Siku ya pili nikamletea chai. Halafu nikakumbuka, nikaimwaga. Nikamwambia chai iko jikoni, ainuke akachukue mwenyewe. Alinitazama, akainuka. Tangu hapo tukawa tunasoma tukitembea. Tunazunguka soko, tunapita nyuma ya zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji, hadi uwanjani, yeye anajibu, mimi nashika karatasi za maswali ambazo nusu siwezi kuzisoma vizuri, na watu wanasema Wafula amepata msichana wa kumfundisha adabu.

Na nilifurahi, Nekesa. Hilo nalo ulijue. Kuna siku alikosea swali la minyoo nikacheka mpaka nikakaa chini barabarani, na katikati ya kucheka nikajiona. Dada yangu bado udongo wa kaburi lake haujashuka, na mimi nacheka minyoo na rafiki yake.

Siku moja, wiki za mwisho kabisa, Njeri akaniambia, "Leo nipe ugonjwa mgumu. Usinionee huruma." Nikalala kwenye kochi. Nilikuwa nimepanga kumpa figo. Naapa nilikuwa nimepanga figo. Lakini mdomo ukafunguka nikasikia unasema, "Daktari, nilivunjika mguu, niko na plasta. Inabana. Na nikienda choo tu nahema."

Nikaendelea. Hapo ndipo siwezi kujitetea. Ningeweza kusema natania, nikabadilisha. Lakini nilishika mbavu vile ulivyoshika. Nikacheka kale kacheko kako, nikasema, "Kucheka kunauma." Nilifanya vizuri sana, dada. Sijawahi kuwa mgonjwa mzuri namna hiyo. Na kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inajipigia makofi.

Njeri hakuuliza hata swali moja. Kalamu ilikuwa mkononi. Akasema polepole, "Wafula, usifanye hivyo." Halafu akakusanya vitu vyake akatoka, na zile karatasi za makosa ukutani akaziacha. Mama alikuwa mlangoni na karai la nguo. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliniuliza jambo moja tu: "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Hakuja kesho yake. Wala siku iliyofuata. Simu inalia haishikwi. Nilikaa Gikomba nauza suruali kwa bei ya hasara kwa sababu sikuwa nawasikia wateja. Nilijiuliza nimetaka nini. Kumfundisha? Au kumwadhibu kwa sababu yeye amekaa kwenye kiti na bado anapumua? Sijapata jibu la kujisifia. Nilijua tu nimekuchukua wewe, mwili wako wa siku ya mwisho, nikautupia mtu usoni kama swali. Na kama hatafanya mtihani, basi nimewamaliza madaktari wawili katika nyumba moja.

Nikaenda Pumwani kwa shangazi yake, yule anayekaanga viazi. Nilimkuta Njeri jikoni anamenya, ndoo nzima. Akasema hafanyi mtihani, nisianze maneno yangu. Nikachukua kisu nikaanza kumenya.

Tulimenya sana. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Ule mguu alikuwa ameuweka kwenye kiti changu, Wafula. Mimi nilikuwa naegemeza kitabu juu ya plasta. Nasoma magonjwa ya mapafu, na kitabu kiko juu ya mguu wake."

Nikamwambia yangu. Ya chai. Ya magongo nyuma ya mlango. Nikamwuliza, kwa sababu yeye ndiye amesoma, kama ningekuacha uinuke ufuate kalamu zako mwenyewe, ungekuwa hai? Nilitaka aseme la, ndugu yangu, usijilaumu. Unamjua Njeri. Akasema, "Sijui. Labda ingesaidia. Watu wengi wanakaa na plasta na hawafi. Lakini wewe ulileta chai, mimi ndiye niliyekuwa na shahada."

Hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Viazi vilikwisha. Akafuta mikono kwenye aproni ya shangazi, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu ule mkao wake wa mtihani, mgongo wima. Akasema, "Anza tena."

Nikasema, Njeri, hapana.

"Wafula. Anza tena."

Nikaanza. Safari hii sikuigiza sauti yako, nilisema kwa yangu. Akaniuliza mguu upi. Akaniuliza vidole vimevimba, vina rangi gani. Kuhema kulianza lini, ghafla au polepole. Nikivuta pumzi ndefu kinachoma wapi. Nimekohoa damu? Kwetu kuna aliyewahi kuganda damu? Akanishika mkono akahesabu mapigo. Shangazi akaingia akaniona nimeshika mbavu, akapiga kelele, "Ngai! Mungu wangu! Huyu kijana anakufa jikoni kwangu!" akakimbilia maji. Njeri hakugeuka hata kumtazama. Maswali yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine, kwa Kiswahili safi cha hapa hapa, hata mama wa Makadara angemjibu. Mwisho akageukia ukuta, kana kwamba mtahini amesimama kwenye masufuria, akasema, "Huyu harudi nyumbani. Anaenda hospitali sasa hivi, na mimi naenda naye."

Nikalia hapo, dada, na maji ya shangazi nimemwagiwa kichwani.

Amefanya mtihani. Nilimsubiri nje getini, na suruali ya kitambaa niliyojichagulia kwenye beli la mitumba, watu wakadhani mimi ni mtahiniwa. Nilijibu salamu za madaktari watatu kwa heshima zote. Alipotoka alikuwa amekwisha, macho mekundu. Nikamwuliza imekuwaje. Akasema, "Sijui, Wafula. Kila chumba nilichoingia niliuliza kuhusu miguu. Hata yule aliyekuja na sikio. Mtahini akaniuliza kwa nini, nikashindwa kumwambia. Dakika zikaniishia."

Kwa hiyo huenda amepita, huenda ameanguka, na akianguka ni kwa sababu yangu, na ni kwa sababu yako pia kidogo, nisamehe. Wakati mwingine naona hilo swali nililompa limemharibu. Wakati mwingine nafikiria mtu mmoja, sijui ni nani, mwenye plasta, ambaye siku moja ataingia kwa Njeri kulalamikia kitu kingine kabisa. Siwezi kukuambia nimetulia. Sijatulia. Nikimwona mtu na plasta pale Gikomba nasimama namwuliza mguu unaendeleaje, unahema? Mzee mmoja alishika mfuko wake akadhani mimi ni mwizi.

Sasa kuna wenzake wawili wa Njeri, nao wamesomea nje, zamu yao inakuja. Wamesikia habari zangu. Wanataka nije niwe mgonjwa wao, na mmoja akaniambia, "Tumesikia kuna moja ya mguu, kali sana." Nilitaka kumzaba kofi. Nikamwambia nitafikiria. Nikamwuliza Mama. Mama alikunja kitambaa chake magotini, akasema, "Kama wataiuliza vizuri, wape."

Basi nitawapa. Hii ndiyo ahadi yangu, nayo siitanii. Jina lako sitalitaja. Kicheko chako sitakiiga tena, hicho nimekirudisha, ni chako. Lakini nitalala pale nitasema plasta inabana, nitasema nahema, na atakayeniambia ni woga wa mtihani, nitamwambia atoke nje, afunge mlango, aingie upya, hata kama ni mara kumi, mpaka aseme huyu harudi nyumbani.

Lala, Nekesa. Usiite mtu akuletee kitu. Nitakuja mwenyewe, nikiwa mzee na magonjwa ya kweli, nawe utanipima.

Mdogo wako,
Wafula