Nani Aliyenikunja Hivi

Mbozi, Jumamosi, msimu wa kuchuma kahawa

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na baridi ya leo inaingia hadi kwenye meno. Nimechuma kahawa kidogo, nikaacha kikapu shambani na kurudi ndani. Mama ameniona, akaendelea kuosha kahawa. Anajua leo nina msiba usio na maiti.

Sunhi ameondoka.

Alikuja juzi bila kukusudia. Gari lao lilivunjika springi wakielekea Tunduma, likasukumwa hadi misheni kungojea springi nyingine kutoka Mbeya. Alishuka mzee wa Kizungu, mpiga piano, kisha mwanamke mfupi aliyekumbatia kasha refu kuliko yeye. Watoto wa shule wakanong'ona kwamba ni Mchina. Akawasahihisha mwenyewe, kwa upole: yeye ni Mkorea, na wanakwenda Rodesia kupiga muziki.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kasha. Kasha kama hilo liko chumbani kwangu, nyuma ya magunia ya mahindi.

Selo yangu, fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, niliachiwa na Sista Hana, muuguzi wa misheni, aliporudi kwao. Hapa huiita kwa jina langu, zeze la Tabita, ingawa zeze gani lina ukubwa wa mbuzi? Sista ndiye aliyenifundisha. Wazee wa kanisa, baba yangu akiwa mmoja wao, walikubali kwa sharti: msichana asiweke chombo katikati ya miguu. Kwa hiyo nilijifunza kukaa upande, magoti yote yameelekea kushoto, kitambaa juu yake, selo imeegemea ubavuni. Sista Hana hakubishana nao. Alisema hata kwao bibi zake walipiga hivyo hivyo.

Nimepiga hivyo kila Jumapili, nikiishika kwaya isipotee. Watu wanakuja kutusikia hata kutoka Ndalambo. Nilijiona nimefika.

Jana Sunhi alipiga kanisani. Alikaa kwenye kiti, akapanua miguu chini ya sketi yake pana, akaivuta selo kifuani kama mtu anayempokea mtoto wake. Kina mama wakaguna. Mama Eliya aliinama kama anayefunga kamba za viatu, naye alikuwa pekupeku.

Kisha Sunhi akagusa uzi mnene, ule wa chini kabisa, na sauti nikaisikia kwanza kwenye benchi nililokalia. Nililia. Nilimwonea wivu hadi nikajionea aibu.

Baadaye tulikaa kwenye baraza ya misheni, nikamchemshia chai. Kiingereza chake na changu cha shule vilisaidiana. Aliniambia naye alianzishwa na mmisionari, akiwa mtoto mdogo, kaskazini mwa nchi yake. Wajapani walikuwa wanatawala. Alisoma Tokio, katika lugha ya watu aliokatazwa kuwachukia kwa sauti. Vita vilipokuja nyumbani alikimbilia kusini na selo mgongoni, mama yake akabaki upande wa pili wa mpaka. Kutoka huko akapata nafasi ya kusoma Ujerumani. Sasa anapiga mbele ya watu waliovaa vizuri, na hajui kama mama yake yu hai.

Alisimulia hayo yote akipuliza chai. Nami, Mungu anisamehe, katika hayo yote nilisikia neno Ujerumani tu.

Nikaleta selo yangu. Nikakaa nilivyozoea na kumpigia wimbo wa kwaya niupendao kuliko nyimbo zote. Alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga makofi. Alikuja nyuma yangu, akaweka kiganja kwenye bega langu la kushoto, akalishusha. Likapanda lenyewe. Akalishusha tena.

"Nani aliyekukunja hivi?" akauliza.

Nilimweleza habari za wazee. Akatikisa kichwa, akasema nina sikio zuri sana, sikio alilokutana nalo kwa watu wachache, lakini mgongo wangu umejifunza vibaya, na kwa hiyo mkono nao. Uzi mnene sijawahi kuupiga kweli, kwa sababu upinde wangu haufiki inavyopaswa. Niache nyimbo zote. Nianze upya na nyuzi tupu, polepole, nimekaa kama yeye.

Nikamuuliza nilichokuwa nakiogopa: nikifanya hivyo, naweza kwenda kusoma kama yeye?

"Sijui," akasema. "Mimi nilianza mdogo sana."

Namshukuru kwa kutonidanganya. Ila moyo hauna adabu, bado unamfuata barabarani. Springi ilifika leo asubuhi, na kabla ya adhuhuri vumbi lao lilikuwa limeshatulia.

Mchana, wakati wa kula, nikamwambia baba kwamba tangu sasa nitakaa kama yule mgeni. Baba akaacha tonge kwenye mchuzi wa maharage.

"Mbele ya madhabahu, Tabita?"

"Ndiyo, baba. Nimejikunja miaka yote hii, sauti haitoki."

Mama akaingilia. "Na mimi nikiosha kahawa, ndoo huwa naibana wapi, Baba Tabita? Mbona hujaniambia nikae upande?"

"Ile ni ndoo, na pale si kanisani." Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mwanangu, nilisimama mbele ya wazee wenzangu nikakuombea. Sharti lile ni neno langu. Kaa ulivyofundishwa, au kesho usipige."

Nilimtazama. Anaipenda selo ile kuliko anavyokiri. Jumapili huimba huku amefumba macho, akielekeza sikio upande wangu.

"Basi kesho sitapiga, baba," nikasema.

Alinawa mikono akatoka.

Sasa nimekaa kitandani, selo katikati ya magoti, nimevuta uzi mnene mara ya kwanza. Umetoa mlio wa mlango mbovu. Nimeuvuta tena. Bega linapanda, nalishusha.

Kesho kwaya itaimba bila mimi. Nitawasikia kutoka hapa, nikivuta uzi huu mmoja, na nitatamani niwe pale pamoja nao. Nitatamani niwe na kule alikokwenda Sunhi pia.