Nyasi za Kwao Koku

Jumatatu, 2 Novemba 1953

Insha tena. Nimeandika ubaoni: anza na jambo lenyewe, kaa nalo, malizia. Wasichana wamenakili mpaka nukta. Kichwa: Mama Yangu. Atakayewashinda wenzake anapata nafasi moja ya shule ya bweni, Mwanza. Waliobaki, masomo yanaishia hapa Kanazi.

Jumatano, 4 Novemba

Nasahihisha. Akina mama wote ni wema, wote wanaamka mapema. Wema wao umenichosha. Koku wa Kimwani, niliyemtegemea, kaniudhi. Ukurasa mzima nyasi za sakafuni tu. Zamani zilitandikwa mbichi kila Jumamosi, nyumba ikanukia. Sasa zimesagika, kuku wanapekua humo. Mama mwenyewe simwoni. Nimempa alama nne kwa kumi na kumwandikia kwamba amekimbia kichwa cha habari.

Alhamisi, 5 Novemba

Mwalimu Anastazia kaisoma insha ya Koku wakati wa chai. Akaweka kikombe chini.

"Mama yake anaumwa tangu lini?"

Sikuelewa. Akanitazama kama mgeni. Nyasi hutandikwa na mama wa nyumba; zikifikia hali ile, basi hawezi kuinuka. Darasa zima lingejua. Mimi nilizaliwa Buhembe, nyumba ya misheni, sakafu ya saruji. Mhaya gani mimi! Aibu imenishika hadi masikio.

Nimemwita Koku. Ni kweli. Mama yuko kitandani tangu mavuno ya kahawa.

Ijumaa, 6 Novemba

Mwalimu mkuu alikwishaandika jina la msichana mwingine, na barua ilikuwa iondoke na basi la mchana. Nikamwambia nimekosea. Akafoka: alama hazibadilishwi kwa huruma. Nikamsomea insha yote nikiwa nimesimama. Akachukua kalamu, akafuta jina.

Yule aliyefutwa hajui kitu. Leo nimeshindwa kumtazama.

Jumatatu, 11 Januari 1954

Bukoba mjini. Koku ameondoka na meli. Alilia kidogo, kisha akapanda.

Baba yake ndiye aliyemleta. Nilimkaribisha chai. Akashukuru, akasema analiwahi basi la Muleba.

"Mama Koku hajala, Mwalimu. Siku hizi ndizi namenya mimi."

Mwanamume wa Kihaya, mtu mzima, kukiri kazi ya wanawake mbele ya watu bandarini. Hakuinamisha uso. Tukaagana kwa mikono. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu.