Faili la Mwanaidi liko ng'ambo

Jumanne, Chumbageni

Bado nimekasirika. Mwanaidi aliletwa kwenye kliniki yangu akiwa na uchungu wa kujifungua. Kuna dawa inayomdhuru, lakini jina la dawa hiyo limo kwenye faili lake, na mafaili yote tumeyahifadhi kwa kampuni ya nje ya nchi. Leo hayafunguki.

Nikawapigia simu. "Mama, data zenu ziko kwenye mitambo ya huku, zinafuata sheria za huku. Mahakama ya huku imezuia zisifunguliwe. Subiri."

Nisubiri! Wagonjwa ni wangu, ruhusa niombe kwa hakimu nisiyemjua?

Mama yake Mwanaidi ndiye aliyeikumbuka ile dawa. Mwanaidi kajifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Baadaye nilimweleza mama huyo faili la bintiye liliko. Akanitazama. "Nani alikuruhusu kulipeleka huko?"