Mama Mkwe, Mtoto wa Jicho na Chumba cha Ghorofa ya Tatu

Shangazi Susana, shikamoo. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, na safu yako huwa naisomea ndani ya gari kila Jumamosi nikisubiri wageni wamalize kifungua kinywa, nacheka matatizo ya watu mpaka walinzi wa hoteli wananishangaa, sasa leo zamu yangu imefika na naomba sana na wewe usinicheke.

Mimi ni Mwarusha wa Olmotonyi, nimeoa Ngarenanyuki, kule nyuma ya Mlima Meru, na tunaishi Elerai na mke wangu Elinipa na watoto wetu wawili kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Mama yake Elinipa, ambaye kwa heshima siwezi kulitaja jina lake hata gazetini, nitamwita Mama Abdiel kama wote tunavyomwita kwa jina la shemeji yangu mkubwa, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na imefika mahali anawatambua wajukuu kwa sauti tu na chai anaimimina huku kidole kimeingia kikombeni ili ajue imejaa. Kwa rehema za Mungu tumempatia nafasi ya upasuaji wa jicho la kwanza hapa mjini mwisho wa mwezi huu, na daktari amesema akishafanyiwa akae mjini kama wiki hivi, kwa sababu ya dawa ya matone na kuangaliwa maendeleo, na pia kwa sababu ile barabara ya Ngarenanyuki kwa vumbi na mitikisiko yake haifai kabisa kwa jicho jipya.

Shangazi, nikueleze huyu mama ni nani kwangu ili unielewe. Wakati wa korona watalii walipokatika, magari ya kampuni yalipangwa uani yakaota majani chini ya matairi, na mimi nikabaki nyumbani nahesabu bati, mke mjamzito, shemeji Abdiel akaja na ujumbe kwamba mama amesema kuna kipande kando ya mfereji, Lemburis aje alime vitunguu. Nikaenda, mikono ya usukani ikatoka malengelenge, nikalima misimu miwili. Sasa unajua desturi yetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake, basi yule mama kila mchana alikuwa anateremka na bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, limefunikwa kwa jani la mgomba, analiweka juu ya jiwe kando ya mfereji, anakohoa ili nijue chakula kipo, kisha anapanda zake kurudi nyumbani bila kugeuka. Misimu yote miwili sikuwahi kumtazama usoni na sikuwahi kushinda njaa.

Na hata kazi iliporudi hakuacha, nikiwa porini na wageni yeye ndiye anayekuja Elerai kumsaidia Elinipa, analala chumba cha watoto, na siku moja kabla sijarudi anaondoka, mimi nikifika nakuta ndizi zimejaa jikoni na watoto wamenyolewa. Kwa hiyo safari hii sikutaka kuwa porini, nimeomba likizo na bosi ameniazima gari, nataka niwe dereva wake mimi mwenyewe, nimpeleke kliniki na kumrudisha, lakini nikiwa nyumbani yeye hawezi kulala nyumbani, ndipo nikapata wazo la hoteli, na kwa hoteli za Arusha, Shangazi, sijisifu, lakini niulize mimi.

Nilizungukia tatu. Ya kwanza iko katikati ya mji, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, kliniki ni karibu, ila haina maegesho, gari unaliacha barabarani na ukigeuka tu tairi limefungwa mnyororo, halafu kuna ukumbi wa muziki ng'ambo ya pili. Ya pili iko ndani ya shamba la kahawa nje ya mji, maegesho unaweza kugeuza lori, lakini kutoka mapokezi hadi vyumbani ni njia ya mawe bustanini ambako hata wageni wenye macho mazima hujikwaa na mimi ndiye huwabebea mabegi. Ya tatu iko barabara ya Sakina, karibu na kwetu na kliniki siyo mbali, gari linalala ndani ya geti na mlinzi yupo, na meneja wake, Godwin, tunafahamiana miaka mingi. Niliomba chumba cha kawaida cha chini. Godwin akaniangalia akasema, "Lemburis, miaka yote hii umetuletea wageni, leo unaleta mama yako halafu nimpe chumba cha kawaida?" Akanipandisha lifti mpaka ghorofa ya tatu, bure, chumba kina kitanda kikubwa, beseni la kuogea, na dirisha ambalo ukifungua pazia Mlima Meru wote uko ndani ya kioo. Shangazi, machozi yalinilengalenga, nikakubali palepale.

Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha yangu. Elinipa akaniuliza maswali mawili tu, "Umemuuliza mama?" na "Lifti ikigoma?" Nikamjibu la kwanza haliwezekani, mimi namuulizaje mama mkwe atalala wapi, na la pili lifti inafanya kazi. Akasema, "Mama yangu siyo mtalii, Lemburis," akaingia ndani. Kumbe habari zilishafika Ngarenanyuki kwa simu, na juzi Abdiel amenipigia, sauti ya chini, anasema, "Shemeji, mama amefungua begi ametoa nguo. Anasema kama Elerai hapana nafasi yake tena, basi macho yameshazoea giza, aachwe alivyo."

Tangu hapo Elinipa ananiwekea chakula mezani na kuondoka, tarehe ya upasuaji inakaribia na ikitupita hatujui nyingine ni lini. Mimi nilitaka mara moja tu katika maisha yake na yeye alale pale ninapowalaza watu wa mbali ambao hawajanifanyia lolote. Niambie, nichague chumba cha chini au cha ghorofani, nibadilishe hoteli au nibaki na hii, na nani akamwambie mama kwamba simfukuzi, maana mimi mwenyewe siwezi.

Ni mimi Lemburis,
Elerai, Arusha

*

Lemburis, marahaba mwanangu.

Nilijitahidi kutocheka. Nikashindwa pale uliponisifia beseni la kuogea, la mama ambaye daktari atamkataza kabisa maji yasimguse jichoni. Na dirisha la mlima, kwa mtu anayepima chai kwa kidole! Baba, ulikuwa unamchagulia nani hicho chumba?

Lakini nilipofika kwenye lile bakuli juu ya jiwe niliweka gazeti la zamani usoni nikajifanya najipepea. Mimi ni Mmeru wa Tengeru, nina wakwe wa kiume watatu, na mmoja wao akiniona sokoni anakata kona kwenye nyanya utadhani ameona simba. Hiyo heshima naijua ndani nje. Naijua pia ikikosewa inavyouma, na hapa imekosewa na mtu mwenye moyo mzuri, ndiyo maana inauma zaidi. Wewe unashukuru kwa dhati. Hilo halina mjadala, na ningependa wakwe zangu wakusome.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulitembelea hoteli tatu ukikagua kila kitu ambacho mtalii huulizia, kazi imekuingia mpaka kwenye mifupa. Hukujiuliza jambo dogo: kwetu sisi, mama akisikia binti yake anaishi mjini na yeye anapelekwa kulala hotelini, anasikia nini? Anasikia mlango umefungwa. Hajali kama ule wa hotelini ni wa kioo. Mgeni wa hotelini ni mtu asiye na ndugu mjini. Ulimwandalia heshima, yeye akaletewa habari kwa simu kwamba hana kwao, na kwa huo uchungu yuko tayari kubaki kipofu. Hapo hakuna mchezo. Jicho linapotea kwa sababu ya chumba.

Na jibu uliliandika mwenyewe katika barua yako, ukalipita kwa mwendo wa gari la safari. Umesema ukiwa porini yeye huja Elerai, hulala chumba cha watoto, na huondoka kabla hujarudi. Kwa hiyo nyumba yako haijawahi kumshinda mama huyo. Kinachomshinda ni wewe kuwa ndani.

Basi toka.

Hoteli umechagua vizuri kabisa, Lemburis. Umekosea mtu wa kulala humo. Kitanda kikubwa, beseni, lifti, mlima kwenye kioo, vyote lala navyo wewe. Miaka yote umewashusha wageni mlangoni pa hoteli hizo, wewe ukaenda kulala chumba cha madereva nyuma ya jiko, sivyo? Huyo Godwin alipokupandishia chumba alikuwa anakushukuru wewe. Mwambie ukweli, kwamba mama atakuwa nyumbani na atakayelala ni mkwe wake, na kama ni mtu wa maana atacheka na kukupa ufunguo. Akisita, chukua kile chumba cha kawaida cha chini, kitakutosha sana.

Najua unachofikiria. Madereva wenzako watasema mke amekufukuza, na majirani wa Elerai watakuona na begi wakati hujavaa sare ya kazi. Waache waseme. Wewe na mama huyu mkikutana njiani mnapishana, na hakuna anayesema aliyepisha amefukuzwa barabarani. Yeye amekuwa akikupisha nyumbani kwako miaka yote hii, siku moja kabla, bila kulalamika na bila hata kuonwa. Sasa ni zamu yako kumpisha.

Ujumbe usiende kwa simu, wala kwa Abdiel, masikini ameshachoka kubeba maneno mazito. Aende Elinipa mwenyewe Ngarenanyuki, wiki hii, akae na mama yake jikoni na amwambie kwa maneno haya haya: "Mama, nyumba ni yako. Baba watoto ametoka akupishe, ili mimi na wajukuu tukuuguze." Atakuwa amerudisha nguo kwenye begi kabla Elinipa hajamaliza chai. Na kabla mke wako hajaondoka, mwombe radhi. Alikuuliza maswali mawili, na yote mawili yalikuwa ya maana kuliko ziara yako ya hoteli tatu.

Nyumbani tayarisheni chumba cha watoto. Ondoeni stuli na midoli njiani, taa iwepo karibu na kitanda, na watoto wahamie kwa mama yao. Matone ya jicho ni kazi ya Elinipa peke yake, kwa saa alizoandika daktari. Mama asiiname, asinyanyue mkungu wa ndizi na asikaribie moshi. Mtu wa kwetu akiambiwa apumzike huona ametukanwa, kwa hiyo mpeni mjukuu mdogo akae karibu naye, hapo atatulia.

Na wewe sasa maegesho yako yana faida. Gari likiwa ndani ya geti Sakina, hata mambo yakienda mrama utafika Elerai chai haijapoa. Siku za kliniki egesha mlangoni, kaa kwenye usukani. Elinipa amtoe mama, wakae wote kiti cha nyuma. Kazi yako yenyewe inakusaidia kutunza heshima, dereva anatakiwa atazame mbele. Endesha polepole kwenye matuta, hayo ndiyo maneno yako kwake na atayaelewa.

Kuhusu ile ndoto yako ya kumwonyesha mahali pazuri, usiitupe, isogeze mbele tu. Jicho likishapona, Elinipa ampeleke kwa Godwin mchana mmoja, wapande ghorofa ya tatu, wanywe chai dirishani. Ataufurahia mlima akiwa anauona. Amekaa mgongoni mwake maisha yake yote, na upande wa huku mjini sidhani kama aliwahi kuuangalia kwa kutulia.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nikujibu wewe leo nikaacha barua nyingine. Siku ya kufunguliwa bandeji, usibaki ndani ya gari. Shuka, simama kando ya mlango wako, mbali kiasi cha adabu, kofia mkononi. Mama akitoka kliniki ameshikwa na binti yake, kohoa, kama yeye alivyokuwa anakukoholea pale mferejini, ajue upo. Kisha mpe shikamoo. Akigeuza uso akapita, hiyo ni haki yake na hujapoteza kitu. Lakini alikulisha misimu miwili bila kukutazama. Kama siku hiyo atataka kuona alikuwa anamlisha nani, simama hapo hapo, Lemburis, umwache aone.

Shangazi yako,
Susana