Alikimbia na Kibodi

Jumatatu, 2 Juni

Nimeua watu wengi leo. Kaka yangu Lusajo hakuja, nimefanya sauti zote za picha peke yangu: jambazi, askari, mke wa askari, hata mbwa. Vijana wanalipa kumsikia Lusajo, siyo mimi, na wamenionyesha. Gunzi la hindi limenipiga begani katikati ya picha ya pili.

Ukumbi wetu ulikuwa ghala la kahawa la marehemu baba. Hapa Bulyaga kila mtu anajua: picha za nje, Lusajo na Tusekile wanakutafsiria kwenye maikrofoni. Yeye wanaume, mimi wanawake. Kiingereza chetu ni cha kidato cha nne. Mengine tunatunga. Yeye anatunga vizuri kuliko picha yenyewe.

Siku hizi yuko kwa Festo. Festo amefungua duka la intaneti karibu na stendi. Kaka anaingia wakifungua, anatoka wakifunga. Anachati na watu wa nje. Nimemuuliza wanaongea nini, akasema siwezi kuelewa.

Mama anarudi kutoka sokoni na ndizi zilizobaki, anampikia, chakula kinapoa.

Jumatano, 4 Juni

Katuni mpya imefika kutoka Mbeya. Shule zimefungwa, kwa hiyo tutaionyesha asubuhi kwa watoto. Tumeitazama wawili ili tupange sauti.

Familia ya watu watano. Nyumba yao inaendeshwa na mtandao: milango, taa, jiko, hata mapazia. Kila mmoja yuko chumbani na kioo chake cha kompyuta. Wakitaka kuulizana chumvi iko wapi, wanaandikiana. Siku moja mtandao unakatika na nyumba inajifunga. Hakuna anayejua kufungua mlango kwa mkono. Baba anapapasa kwenye korido ya giza akiwaita watoto. Hajui nani anaogopa nini, maana hajaongea nao siku nyingi.

Kaka amefanya sauti ya yule baba. Mwili umenisisimka. Ni sauti ya baba yetu kabisa, kile Kiswahili chake kizito cha mtu aliyezaliwa kijijini Nkunga. Sikujua kama bado anayo.

Katikati akainuka. Nikamwambia hatujamaliza.

"Huko wananisubiri," akasema.

Nimekasirika. Na huku je?

Jumamosi, 7 Juni

Amekuja. Siku nzuri.

Watoto walijaa hadi sakafuni. Ilipofika ile korido ya giza, kaka akaacha Kiswahili, akawaita watoto wa kwenye katuni kwa Kinyakyusa, polepole, kama mtu anayeita ng'ombe kwenye ukungu. Mtoto mmoja mbele akaitika. Ukumbi mzima ukacheka. Mama alikuwa mlangoni na mkungu kichwani, amesema hakai. Aliutua. Alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga.

Ipyana naye alikuwepo, fundi baiskeli wa hapo jirani. Benchi la mbele ni lake tangu tufungue. Yeye hupenda picha za ngumi tu, lakini leo amemwomba kaka arudie sauti ya mzee. Kaka akarudia.

Kisha akaenda kwa Festo.

Jumanne, 10 Juni

Kaka amempiga mwanafunzi wa chuo. Kisa, kijana alikaa kwenye kompyuta anayoitumia yeye. Alimvuta kwa kola, akambamiza uso kwenye meza, akambamiza tena. Festo amekuja mwenyewe ukumbini, akanionyesha shati lake lenye damu ya mteja. Amemkataza kaka asikanyage tena dukani. Ameniomba nisimlaumu.

Simlaumu. Nina hofu.

Jumatano, 11 Juni

Kaka halali. Hali. Anapiga ukuta wa ghala kwa ngumi, vifundo vimechubuka vyote. Akichoka anakaa, vidole vinachapa juu ya goti kana kwamba kuna herufi pale.

Ijumaa, 13 Juni

Deki ya kuchezeshea picha haipo. Kaka ameiuza. Alikwenda Mbeya kwenye intaneti ya huko, akarudi leo mchana, macho mekundu, viatu vimejaa matope.

Nilimuuliza palepale mlangoni. Akanipiga. Siyo kofi. Ngumi, mdomoni. Nilianguka juu ya mabenchi, akanifuata kwa teke la ubavu. Jino la mbele limetoka. Nilishika ubao wa benchi nikampiga nao gotini, nikampiga tena akiwa ameinama. Naandika hilo pia. Nilitaka kumvunja.

Mama akaingia katikati. Akamzaba Mama kofi. Kilemba kikaanguka.

Kwetu mtoto akiinua mkono kwa mzazi, hata majirani huacha kumsalimia mpaka wazee wakae. Mama angetamka neno moja tu la laana, kaka angekwisha. Aliokota kilemba, akakikung'uta, akakifunga taratibu.

"Nenda ukale," akamwambia.

Hakula. Ametoka.

Namchukia. Sijawahi kumchukia mtu hivi.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Mama hakuimba. Watu wanautazama mdomo wangu. Nasikia kaka analala kwa rafiki yake njia ya Masoko. Akalale.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika. Herufi mbaya, basi. Lazima niandike kabla watu hawajanisimulia kwa namna yao.

Ilikuwa juzi, Alhamisi. Mama alikuwa sokoni na ndizi zake, mimi namsaidia kupanga. Tukasikia filimbi upande wa stendi, halafu kelele: mwizi. Nilisimama kutazama kama wengine. Wazo langu la kwanza lilikuwa wamkamate.

Kisha nikamwona. Alikuja mbio katikati ya mafungu ya nyanya, amekumbatia kibodi kifuani, waya unaburuzika nyuma. Baadaye ndipo nikaelezwa. Aliingia kwa Festo kwa nguvu, akasema anataka kuandika maneno machache tu aondoke. Wateja wakamvuta, yeye akaishikilia kibodi, ikachomoka. Kibodi tupu. Bila kompyuta yake haifai hata kuzuia mlango. Hakuwa anaiba. Hakukumbuka kuiachia.

Tofali la kwanza lilimpata mgongoni. Akaanguka. Wakawa juu yake. Fimbo, mawe, vyuma, mateke. Mzee mmoja ninayekaa naye benchi moja kanisani alikuwa anamkanyaga shingo, kofia yake imeshikwa mkononi ili isianguke. Nilipiga kelele kwamba ni kaka yangu, ni Lusajo wa ukumbini. Jina hilo wanalijua. Hawakusikia. Au walisikia.

Nikamlalia. Sikufikiri. Niliweka uso juu ya uso wake, damu yake ikaniingia mdomoni. Fimbo zilikuwa zinanipata mimi sasa. Nilisikia mkono wangu ukivunjika, mlio kama wa muwa. Yeye chini yangu alikuwa anataja jina langu, tena na tena, kama mtu anayeomba maji.

Mtu akaburuta tairi. Nikanusa petroli. Nikajua tunakufa wawili.

Ipyana alikuwa amesimama juu yetu, tofali ameliinua kwa mikono miwili. Nilimtazama machoni. Sijui aliona nini, hayakuwa macho ya mtu ninayemjua. Mama akatokea nyuma yake na kile kisu kirefu cha kukatia mikungu. Hakupiga kelele. Alikata. Tofali lilianguka kando ya kichwa changu, na vidole viwili vikaanguka nalo.

Ipyana alilia kama mtoto. Watu wakarudi nyuma. Mama akasimama juu yetu, mguu huku na mguu huku, mwanamke mfupi, khanga imemfunguka, kisu kinadondosha. Akaongea kwa sauti anayotumia kutaja bei ya ndizi.

"Huyu ni mwana gwangu. Alinipiga mimi, hakuwapiga ninyi. Anayetaka kuendelea aje."

Hakuna aliyekuja. Wengine walianza kuokota nyanya zao.

Jumatatu, 23 Juni

Mama yuko mahabusu kwa ajili ya vidole vya Ipyana. Nimempelekea uji. Ameuliza kama kaka anapumua, basi, hakuuliza kingine.

Anapumua, yuko hospitali. Taya limefungwa kwa waya, mbavu zimevunjika, jicho la kushoto halitaona tena.

Festo amekuja analia. Anaapa yeye alisema "mkamateni" tu, neno mwizi lilizaliwa njiani. Namwamini. Haisaidii.

Ipyana amelazwa wodi ileile, si mbali na kitanda cha kaka. Nilipita nikasimama. Mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Aligeukia ukutani, akasema hakuona kwamba ni sisi. Nilitaka kumuuliza: angekuwa mtu mwingine ingekuwa sawa, eti? Nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyosimama kutazama. Nikaondoka.

Jumamosi, 5 Julai

Mama ametoka kwa dhamana. Leo wazee wa pande zote mbili, wetu na wa kina Ipyana, wamekaa uani kwetu. Tumetoa fidia, mtamba wa ng'ombe aliyekuwa Nkunga kwa mjomba, ndiye mnyama pekee Mama aliyebaki naye. Ipyana ni fundi, vidole ndiyo jembe lake. Mama alipiga magoti akamwomba radhi kwa ajili ya mkono wake. Hakuomba radhi kwa kukata. Alisema wazi kwamba leo angekata tena.

Nikadhani kikao kitavunjika. Baba yake Ipyana akasema hata marehemu mkewe angekata.

Ikaja zamu ya Ipyana. Aliunyoosha mkono ule mbovu, Mama akaupokea kwa mikono yake miwili. Amesema hataendelea na kesi.

Wazee wakauliza kuhusu lile kofi. Mama akasema hilo litaishia nyumbani.

Jumatano, 9 Julai

Taya bado halifunguki. Kaka ameniandikia kwenye karatasi neno lake la siri la intaneti. Anataka nikaangalie.

Sikutaka kwenda. Nimekwenda. Festo alinipa kiti, akakaa mbali. Nilichapa kwa kidole kimoja. Nilitumaini sitakuta kitu, ili nirudi nimwambie: unaona, hao ndio uliotupiga kwa ajili yao.

Wengi hawakuandika. Walikuwa wanaongea wao kwa wao, na mazungumzo yalisonga bila yeye kama mto. Lakini mwanamke mmoja, sijui wa nchi gani, kuna baridi huko, alikuwa ameandika kila siku. Uko wapi. Unaumwa? Tafadhali sema neno moja. Yeye ndiye kaka aliyekuwa anamsimulia habari za baba yetu. Nimezisoma. Namna baba alivyokufa, na kaka alivyochelewa kufika. Mambo ambayo hajawahi kuniambia mimi, na tunakaa nyumba moja.

Nimeona wivu. Nimelia pale kwenye kiti mbele ya Festo.

Nilimjibu kwa Kiingereza changu kibovu kwamba anaumwa, yuko na mama yake. Nikarudi hospitali nikamwambia kaka kweli yote: wengi hawakuuliza, mmoja aliuliza. Alifumba lile jicho zima. Kisha akachukua karatasi akaandika habari ya kifo cha baba, kwa ajili yangu sasa, kwa mwandiko wa mtoto. Nilikaa mpaka akamaliza.

Jumapili, 20 Julai

Ukungu tangu asubuhi. Hatujaenda kanisani.

Kaka ametoka hospitali juzi. Taya linafunguka kidogo, anakunywa maziwa na ndizi za mbalaga zilizopondwa. Jana alipiga magoti kwenye udongo wa mvua, miguuni kwa Mama, amwombe radhi kwa lile kofi, hakuweza kusema vizuri. Mama akamwambia ainuke, magoti yataloa.

Ukumbi tumeupangisha kwa mtu wa mahindi. Sijui tutafanya nini. Mkono wangu unawasha ndani ya plasta.

Mchana Mama alimkalisha chini uani, akaanza kumnyoa. Nywele zilikuwa zimeota vibaya kuzunguka mishono. Alikuwa anapitisha wembe, anapuliza, anasogea, kila kovu analizunguka kwa kidole kwanza. Kaka akasinzia, kichwa kimelala gotini kwa Mama, nusu kimenyolewa.

Manyunyu yakaanza. Nikatoka niwaambie waingie. Mama akanitazama, akatikisa kichwa. Akavuta khanga yake akamfunika.